Nguvu Isiyokodiwa

Katika usharika wetu hapa Kagera mimi ndiye mtunza hazina, kwa hiyo kila mkutano wa injili hupita kwanza kwenye daftari langu. Jukwaa, turubai, jenereta na mafuta yake, spika za kukodi, gari la matangazo, mabango yenye picha ya mhubiri, chakula cha kwaya ngeni, nauli na bahasha ya mhubiri. Ninaviandika vyote kwa uangalifu, maana sadaka ni fedha ya wajane na wauza ndizi, na lazima ionekane ilikokwenda. Lakini siku hizi nasikia kamati zetu zikizungumza kana kwamba vitu hivi ndivyo vinavyookoa. Mkutano ukipwaya, tunasema vyombo havikuwa na nguvu. Mwaka unaofuata tunakodi vikubwa zaidi.

Imani hiyo siikubali, na siikubali hasa kwa sababu nimelelewa na watu wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho ulioenea Afrika Mashariki.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Alikuwa ametoka kwenye hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, ambako njaa kali ilikuwa imeua watu wengi. Udaktari aliujua, kilichokuwa kimemwishia ni kitu kingine. Huko, kwenye kilima cha Namirembe, akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali. Wakaketi na Biblia zao kutafuta inasema nini juu ya Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Hebu fikiri: enzi za ukoloni, mzungu msomi anamkiri Mwafrika kuwa ndugu mwenye kitu ambacho yeye amekikosa. Baadaye Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akaacha hata viatu, akawa mtu wa kushuhudia tu.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Yosiya Kinuka, mmoja wa wafanyakazi wa hospitali ile ya Gahini. Alimwendea Nsibambi Kampala, akamweleza jinsi mambo ya Gahini yalivyoharibika. Angeweza kupewa ushauri wa namna ya kupanga kazi na kusimamia watu. Nsibambi akamgeuzia swali kwenye moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi Rwanda mtu mwingine, na kwa watu wachache kama yeye moto ukawaka. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, mwalimu wa Gahini, alifariki Januari 1936 kabla ya kufikisha mbele ya sinodi ya Uganda hoja zake za kutaka kanisa liamke. Kama kazi ile ingekuwa ya Kigozi, ingezikwa naye. Mwaka 1937 ilikuwa imefika Kenya, na miaka hiyohiyo ikaingia kwetu Buhaya.

Ndugu wa Uamsho hawakuwa na makao makuu, kadi za uanachama wala mishahara. Walikutana chini ya miti na sebuleni kwa watu, wakaimba wimbo wa Tukutendereza, wakaungama. Katika ushirika huo alikulia kiroho Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wetu, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa Rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani.

Babu yangu hakuwa askofu. Alikuwa mkulima wa kahawa, na kabla ya kuokoka alikuwa akitia mawe kwenye magunia ili uzito upande. Siku moja alikwenda kwa mwenye duka aliyekuwa akinunua kahawa yake, akamwambia aliyoyafanya, akalipa kidogokidogo mpaka deni likaisha. Hakuna aliyemtaja jina kwenye kipaza sauti. Najua mbinu za kuwakusanya watu uwanjani, najua hata mbinu za kuwatoa machozi. Ya kumpeleka mkulima maskini dukani kufichua wizi ambao hakuna anayeujua, hiyo sijaiona.

Yupo mzee wa kanisa ambaye tukizungumza haya hunijibu, "Mama, hata kuungama kwenu kuligeuka mbinu." Anasema kweli. Palitokea wakati watu waliungama kwa mpangilio uleule, kwa maneno yaleyale, na asiyeungama kwa namna hiyo akahesabiwa baridi. Ndugu wakagawanyika juu ya nani ameamka kweli. Jambo lililoanza kwa Mungu likashikwa na mikono yetu, likawa utaratibu. Hili linaniogopesha kuliko spika, kwa kuwa spika angalau tunajua ni za kukodi.

Wala sisemi tutupe bajeti. Paulo, aliyewaandikia Wakorintho kwamba alikuja kwao katika udhaifu na kutetemeka, bila ufasaha wa kuwavuta, ndiye huyohuyo aliyewapangia mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, akataka usafirishwe na watu waaminifu ili asilaumiwe. Mtunza hazina yeyote atampenda. Alipanga fedha kwa bidii, lakini mabadiliko ya mioyo hakuyategemea mpango huo. Na Gideoni, alipobakiwa na watu 300 kati ya 32,000, bado aliwagawa vikosi vitatu na kuwapa tarumbeta.

Mkutano wa mwaka huu unakuja, na makisio ninayo mezani. Kikaoni nitaomba jambo moja lisilo na gharama. Siku ya kwanza isiwe na mhubiri mgeni, jukwaa wala vyombo. Tukae ndani ya kanisa sisi wenyewe, baraza la wazee na kwaya zetu mbili ambazo hazijasalimiana vizuri tangu uchaguzi wa viongozi, na mimi niwepo na daftari langu, atakayetaka kuuliza juu ya fedha aulize. Mchungaji anaogopa kwamba tunaweza kukaa mchana kutwa pasitokee kitu. Nimemwambia inawezekana kabisa, na kwamba mtu asiyekubali hatari hiyo hajamwachia Mungu nafasi yoyote.