Mwindaji na Hila Yake

Huku kwetu Malambo, na katika nchi ya Wamasai kutoka mbuga ya Salei hata Loliondo, mwindaji hana sifa njema. Watu wa ng'ombe tangu zamani wamewaita wawindaji Iltorobo, yaani maskini wasio na mifugo, na neno hilo halikosi dharau ndani yake. Ukiuliza sababu, wengine watakujibu ya kwamba mwindaji huishi kwa udanganyifu: hujificha, hunyata, humngoja mnyama asiyemwona, kisha humwua. Mfugaji, wasema, hutenda mambo yake mchana mbele ya watu. Twataka kulipima neno hili, maana kwa neno hili wanadamu wenzetu wamehesabiwa kuwa wadogo.

Na tuitazame kwanza kazi yenyewe, kama ifanywavyo na Wahadzabe wakaao kandokando ya ziwa Eyasi, upande wa chini wa Karatu. Hao ni watu wachache, elfu moja na kidogo zaidi, na wengine wao wangali wakiishi kwa upinde, asali na mizizi. Mwaka 2011 baadhi yao walipewa hati ya kimila ya ardhi yao katika bonde la Yaeda.

Mnyama mgumu kuliko wengi katika magenge yale ya mawe na miiba ni dume wa tandala mkubwa aliyekomaa. Uzito wake hupita kilo 200, na pembe zake zimejipinda mara mbili na nusu. Hakai na majike illa wakati wa kupandana. Siku nyingine hukaa peke yake au na madume wenzake wachache. Masikio yake ni mapana sana. Akisikia jambo hakimbii mara moja, bali husimama kimya nyuma ya kichaka, na ile mistari myeupe ya ubavuni huchanganyika na vivuli vya matawi, hatta mtu aweza kupita karibu naye asimwone. Kisha hubweka kwa sauti kuu, na kazi ya siku nzima imekwisha.

Amtakaye dume wa namna hii haanzi na upinde. Huanza na kutazama: maji yako wapi wakati wa kiangazi, majani gani yameliwa, mavi ni ya leo au ya juzi, kivuli gani humtosha mnyama mkubwa saa za jua kali. Halafu huuliza habari za upepo, na hapo ndipo penye elimu yake. Alfajiri, kabla ya jua kupata nguvu, hewa ya baridi hutelemka kutoka mlimani. Basi mwindaji hupanda kutoka chini, ili harufu yake isimtangulie. Jua likiisha kuyapasha moto mawe, hewa hugeuka na kupanda. Sasa yampasa awe juu. Na katikati ya nyakati hizo mbili, upepo uzungukapo bila njia, mwenye akili huketi chini wala hasogei. Akimwaga vumbi kidogo mkononi ajua aende au angoje. Kazi hii si ya mvivu, wala si ya mtu mwenye haraka.

Je, hayo ni uongo? Twaona sivyo. Uongo humhitaji mtu aliyetuamini. Mimi nikikuahidi jambo nawe ukanitegemea, nami nikakuficha kweli, nimekudanganya. Lakini yule tandala hajamwamini mwanadamu hatta siku moja. Kila pumzi avutayo humpima adui. Mwindaji hakuvunja agano, maana agano halikuwapo. Tena mnyama anajua ya kwamba anawindwa, na hila yake si haba.

Sasa mtazame mbuzi wetu. Tumemlisha, tumemtibu kidonda, tumemwita naye akaja mbio, na siku ya mgeni tumemwita kwa sauti ile ile, akaja. Hatusemi ya kwamba ni dhambi kumchinja. Sisi nasi twala. Lakini kama ni kutafuta udanganyifu, mfugaji na autafute kwanza katika zizi lake. Wasomaji wa kitabu cha Mwanzo watakumbuka ya kuwa Esau alikwenda porini kuwinda kwa kweli, na aliyemdanganya baba yake alitumia wana-mbuzi wawili wa kundini na ngozi zao.

Wala dharau yetu haikudumu siku ya shida. Mwaka 1892 Oscar Baumann alipita Ngorongoro, akawakuta Wamasai wamedhoofika kwa njaa, kwa kuwa sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe. Katika miaka ile wako wengi waliokimbilia kwa wawindaji na kuishi kama wao. Walioitwa maskini waliwafundisha matajiri namna ya kula.

Walakini hatutaki kuitakasa kila hila. Iko hila imlazimuyo mtu kumjua mnyama, nayo iko hila impayo ruhusa ya kutomjua. Anayetega tanzi la waya na kwenda zake nyumbani hajui atashika nini: jike mwenye mimba, au ndama, au fisi, na mara nyingi mnyama huozea pale pale. Anayemulika taa kali usiku humshangaza mnyama hatta asijue pa kukimbilia. Katika hayo hamna elimu ya upepo wala ya nyayo. (Habari za kibali twaziacha, kila msomaji ajua ya kwamba ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kuwinda ni marufuku, na penginepo iko sheria ya mwaka 2009.)

Husemwa pia ya kwamba kumchagua dume mzee ni tendo la haki, kwa kuwa amekwisha kuzaa. Kwa tandala huenda ikawa hivyo. Kwa simba sivyo kila mara: dume mwenye kundi akiuawa, madume wageni huja na kuwaua watoto wake. Kwa sababu hiyo nchi yetu imewakataza wawindaji wenye kibali kumpiga simba asiyetimiza miaka 6. Basi haki haipatikani kwa kuhesabu pembe tu. Ni lazima kujua maisha ya mnyama yule.

Limebaki jambo moja gumu. Mshale wa Mhadzabe una sumu iliyopikwa kwa utomvu wa mti, na mnyama mkubwa hafi mara moja. Mwindaji akimfukuza, atakimbia mbali sana na kupotea. Kwa hiyo humwacha, huketi, pengine hurudi kambini kuwaita wenzake, kisha huzifuata nyayo na matone ya damu polepole, saa baada ya saa, hatta kesho yake. Kungoja huko ni busara, na kufuata bila kuchoka ni deni alipalo kwa mnyama aliyemjeruhi. Lakini katika saa zile tandala yuko kichakani na maumivu yake, na mfugaji akituuliza juu ya hilo, hatuna budi kukiri ya kwamba mbuzi wake hufa upesi zaidi.