Udogo wa Dunia na Thamani ya Mtu

Vijana wetu wanaorudi likizo kutoka shule kubwa hutuletea mara kwa mara swali moja. Husema: «Mnatufundisha kwamba Mungu amjua kila mtu kwa jina lake. Lakini shuleni tumeona kwamba dunia yetu ni kama punje ya mchanga, na nyota hazihesabiki. Basi mtu ni nini hapo? Je, Mungu atajishughulisha na kuku niliyemwiba, au na machozi ya bibi yangu?»

Wazee wengine hukasirika wakisikia maneno hayo, humwambia kijana anyamaze. Sisi twaona wanakosea. Swali ni jema, tena ni la kale. Mwenye kutunga Zaburi ya nane aliliuliza usiku mmoja alipotazama mbingu, naye hakuwa na darubini. Afadhali tutoke nje pamoja na kijana huyo, tukae mkekani, tutazame.

Nyota karibu zote zatembea pamoja kama watu wa safari moja. Kilimia hakiachani na nyota jirani zake, wala Msalaba wa Kusini haugeuzi umbo lake. Babu zetu waliviona hivyo hivyo. Lakini ziko tano zisizokaa katika safu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Mwezi huu waiona moja karibu na nyota fulani, miezi miwili baadaye imekwisha kwenda kwingine. Hizo zaitwa sayari. Zuhura ndiyo ile nyota ya asubuhi iliyowaamsha mama zetu kwenda shamba, na sisi Wakristu twampa Bikira Maria jina lake katika Litania. Kumbe si nyota! Haina moto wake yenyewe. Mwanga wake wote ni wa kuazima kwa jua.

Na dunia? Dunia ni mwenzao. Kopernik, kanoni wa kanisa la Frombork katika nchi ya Polandi, aliandika hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1543: dunia yazunguka jua pamoja na sayari nyingine. Mwaka 1610 Galileo alielekeza darubini yake kwa Mushtari akaona miezi minne ikiizunguka. Basi si kila kitu chazunguka dunia. Hatufichi kwamba wakubwa wa Eklezya walimhukumu mwaka 1633. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri mbele ya Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba wanateolojia wa siku zile walikosea. Kungoja kulikuwa kurefu mno, nasi hatuoni haya kusema hivyo. Tarehe 31 Januari 2014 chombo cha Wamarekani kilichokuwa juu ya Mirihi kilipiga picha ya anga baada ya jua kutua. Katika picha hiyo yaonekana nyota moja ya jioni. Nyota hiyo ni sisi.

Tena sayari hii yetu haikai kimya. Mtu wa Kisangani au wa Butembo, aliye karibu na ikweta, achukuliwa na mzunguko wa dunia karibu kilometa 1,670 kwa saa, hata akiwa amelala. Baba Mtakatifu kule Roma achukuliwa polepole zaidi, kama kilometa 1,240 tu. Katika jambo hili twamtangulia. Na pamoja naye twalizunguka jua, karibu kilometa 30 kila nukta moja ya saa. Tukisali Baba Yetu bila haraka, kwa nusu dakika, tumekwisha kwenda kilometa 900 kabla ya kusema Amina.

Sasa tupime. Ili kuvuka jua kutoka upande mmoja hadi mwingine, ingetupasa kupanga dunia 109 mstari mmoja. Karibu na Msalaba wa Kusini ziko nyota mbili zenye kung'aa; ile inayong'aa zaidi ni miongoni mwa majirani wa karibu kabisa wa jua letu, lakini mwanga wake hutumia zaidi ya miaka minne kutufikia. Mtoto aliyezaliwa siku mwanga huo ulipoondoka, leo aweza kuchota maji kwa kikopo. Na ule utepe mweupe uvukao mbingu ni jamii ya nyota zaidi ya milioni elfu mia, nazo jamii za namna hiyo ni nyingi sana. Tarehe 14 Februari 1990 chombo kiitwacho Voyager 1, kikiwa mbali nasi karibu kilometa milioni elfu sita, kiligeuzwa nyuma kipige picha ya dunia. Dunia yaonekana hapo kama kidoa kidogo ndani ya mshale wa mwanga. Ndani ya kidoa hicho ziko Kongo yote na Ulaya yote, na makaburi yote.

Kijana atasema: «Mmeona? Ndivyo nilivyowaambia.»

La, hatujaona hivyo. Twaona kwamba dunia ni ndogo, nasi twakubali kabisa. Lakini kutoka «ndogo» hadi «bure» kuna hatua moja, na hatua hiyo haikufanywa na darubini. Imefanywa na yeye. Darubini hupima urefu, mwendo na joto. Haikupewa mizani ya kupima thamani. Mama aliyetoka kuzaa ana mtoto wa kilo tatu kifuani, na pembeni ya nyumba uko mfuko wa unga wa muhogo wa kilo hamsini. Nyumba ikishika moto, ataokoa kipi? Hakuna atakayemwambia kwamba amekosea hesabu.

Wengine hujaribu kumjibu kijana kwa njia nyingine. Husema: mtu ni mkubwa kuliko nyota kwa sababu yeye aijua nyota, na nyota haimjui. Neno hilo ni zuri, nasi tulilipenda zamani. Lakini tukilifikiri sana, latutia wasiwasi. Je, mtoto mchanga ajua nini juu ya nyota? Na mzee aliyepotewa na akili, asiyemtambua hata binti yake? Thamani ikitoka katika kujua, hao wawili watakuwa na thamani kidogo, na mwalimu wa chuo kikuu atakuwa na nyingi. Hatuwezi kukubali. Sisi twasadiki kwamba mtu ana thamani kwa sababu ameitwa na kupendwa kabla hajajua lolote. Na upendo hauhitaji kitu kiwe kikubwa ili ukione.

Mtu asidhani kwamba haya ni mabishano ya wasomi tu. Katika nchi yetu twajua mahali ambapo mawe hupimwa kwa uangalifu mwingi kuliko vijana wanaoyachimba. Jiwe lina bei kwa kila kilo. Kijana akifunikwa na udongo, maandazi na kahawa vyanywewa matangani, na kesho mwingine ashuka shimoni. Twajua pia vijiji ambavyo wafu wake walitajwa kwa hesabu tu, bila majina. Waliotenda hayo hawakusoma habari za nyota. Lakini kipimo chao ni kile kile cha kijana wetu: kilicho kidogo na kisicho na nguvu ni bure. Akikipokea kipimo hicho mkekani usiku, akidhani ni elimu, kesho atapewa bunduki au mizani, naye hatakuwa na neno la kujibu.

Iko hatari ya upande wa pili, nayo ni yetu sisi watu wa dini: kuzitumia nyota kama mashahidi wa kesi yetu. Padri Georges Lemaître, Mbelgiji, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain, aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu wapanuka, na mwaka 1931 kwamba ulikuwa na mwanzo uliosongamana sana. Papa Pius wa Kumi na Mbili alipoisifu elimu ya namna hiyo mwaka 1951 kana kwamba yamshuhudia Muumba, Lemaître mwenyewe hakupendezwa. Asubuhi alisoma Misa, mchana alifanya hesabu zake, wala hakutaka hesabu zibebe Misa mgongoni. Twamsifu kwa hilo. Imani inayoegemea hesabu ya leo yaweza kuanguka pamoja nayo kesho.

Je, basi mbingu hazitufundishi kitu? Zatufundisha kunyenyekea, lakini tuangalie ni kitu gani kinyenyekezwe. Kiburi cha mwenye kilima anayemchukia mwenye kilima cha pili, hicho na kinyenyekezwe; kutoka Mirihi vilima vyao havionekani hata kidogo. Mtu mwenyewe asiguswe.

Wapadri wanaopima nyota kwa niaba ya Papa walihamia Castel Gandolfo katika miaka ya 1930, kwa sababu taa za Roma zilikuwa zimeziba mbingu. Taa ziliwafuata huko, hata wakajenga darubini nyingine juu ya mlima Graham huko Arizona. Sisi vijijini hatukufuatwa na taa. Hatusemi kwamba ni baraka. Mwuguzi anayezalisha kwa mwanga wa simu hatatushukuru kwa maneno kama hayo. Lakini giza lipo, tuitumie nafasi yake.

Katika jioni za Januari na Februari, tafuteni nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja, zinazopita karibu juu kabisa ya vichwa vyetu. Zitazameni juu ya mti fulani, nyosheni mkono, mpime kwa ngumi. Kisha semeni rozari, ongeeni kidogo, na baada ya saa moja pimeni tena. Zitakuwa zimesogea ngumi moja na nusu kuelekea magharibi. Hazikwenda popote. Ni sisi tuliogeuka, pamoja na mti na mkeka na mbuzi waliofungwa, na mtoto aliyelala bila kusikia.