Vidonge vya Kushikilia Mimba

Mwishoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa Boston, Marekani, walikutana na wasichana wa miaka 15 hadi 22 wenye saratani ya uke ya aina ambayo ni nadra sana kuonekana kwa vijana. Mama wa mmoja wao ndiye aliyeuliza kama chanzo hakiwezi kuwa zile dawa alizopewa akiwa na mimba ya bintiye. Daktari Arthur Herbst na wenzake wakalifuatilia swali hilo. Aprili 1971 walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 8, mama wa 7 walikuwa wametumia homoni ya kutengenezwa iitwayo DES, na walianza kuitumia katika miezi 3 ya kwanza ya ujauzito.

Mama hao walipewa DES ili mimba isitoke. Nia ilikuwa njema, na ndiyo maana kisa hiki kinatuhusu sote.

Linalouma ni kwamba dalili zilionekana mapema. DES ilitengenezwa Uingereza mwaka 1938 na Charles Dodds na wenzake, na mwaka huohuo Dodds alishiriki kuonyesha kuwa homoni za namna hiyo huharibu mimba changa za wanyama wa maabara. Mwaka 1939 watafiti wa Chicago waliwapa panya wenye mimba estrojeni, kundi la homoni ambalo DES imo, na watoto wakazaliwa na viungo vya uzazi vyenye kasoro. Mwaka 1953, William Dieckmann wa Chuo Kikuu cha Chicago alilinganisha wajawazito zaidi ya 1,600, wengine wakimeza DES na wengine vidonge visivyo na dawa. DES haikuzuia mimba kutoka hata kidogo. Hata hivyo wajawazito waliendelea kuandikiwa dawa hiyo kwa miaka 18 mingine.

Tukijua homoni inavyofanya kazi tutaelewa hatari ilipo. Mimba inapotunga, kwa mfano, homoni iitwayo projesteroni huingia ndani ya seli za ukuta wa mji wa mimba, ikashikana na kipokezi chake, kisha vyote viwili vikatua juu ya DNA na kuamua jeni zipi ziamke na zipi zilale. Bila amri hizo mimba haipati pa kujishikiza. Baada ya wiki chache, ndani ya mtoto wa kike aliye tumboni, jeni kama HOXA10 zinapanga mji wa mimba ukae wapi na shingo yake ianzie wapi. Majaribio ya panya yameonyesha kuwa DES huvuruga mpango huo. Saratani hiyo iliwapata takriban binti 1 kati ya 1,000 wa mama waliotumia DES, lakini wengi zaidi walizaliwa na mji wa mimba wenye umbo lisilo la kawaida, wakahangaika kupata watoto au mimba zao zikawa zinatoka.

Sasa tuje kwetu Kishapu. Damu kidogo ikionekana wakati wa ujauzito, hofu hututuma duka la dawa kabla ya zahanati, na mimi sijioni niko nje ya kundi hilo. Muuzaji anakata vidonge kwa mkasi, anavitia kwenye kibahasha, na jina la dawa linabaki kwenye kipande cha mwenzako atakayekuja kesho. Ukifika hospitali ukaulizwa umemeza nini, utajibu "vile vyeupe vidogo".

Ndugu yangu, dai jina la dawa na liandikwe kwenye kadi ya kliniki. Mwambie muuzaji kuwa huenda una mimba, hata kama umechelewa siku zako kwa wiki moja tu, kwa kuwa viungo vya mtoto hupangwa katika wiki hizohizo. Projesteroni ambayo daktari humwandikia mama baada ya kumpima si DES, wala usiiache kwa woga. Damu ikitoka, au tumbo likiuma upande mmoja, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo: huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba, na hakuna kidonge cha kushikilia kitakachokuokoa hapo.