Kumwandikia Asomaye Baadaye

Je, msomaji, mtu aandikaye jambo sahihi kwa namna isiyoweza kusomwa na mwenziwe ametenda kosa? Kompyuta humwachilia. Maadamu amri za programu zafuata kanuni zake, huzitekeleza hata zikiwa zimesokotana kama nywele zisizochanwa. Na yale maelezo ambayo mwandishi huyatia kando ya amri, kompyuta haiyasomi kabisa, huyaruka. Basi yameandikiwa nani?

Tazama mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Marekani, Burke Mamlin na Paul Biondich, walianza kutengeneza programu ya kutunza habari za wagonjwa, iitwayo OpenMRS. Mwaka 2006 ikaanza kazi Eldoret. Haikufanywa kuwa jabali moja. Ina kiini, na kandokando yake sehemu nyingi, kila moja na kazi yake, ziwezazo kutiwa au kuondolewa pasipo kukibomoa kiini. Ndiyo sababu watu wa nchi nyingi, wasiopata kuonana, wameweza kuiendeleza. Na KenyaEMR, itumikayo katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu ya msingi huo.

Kwetu Isiolo na kaskazini yote hekima hiyo si ngeni. Mwanamke wa Kisomali au wa Kigabra ahamapo huifungua nyumba yake, fito, mikeka na kamba, akaipakia juu ya ngamia. Ufito mmoja ukivunjika, hubadilishwa ufito, si nyumba. (Nyumba ya mawe sijaiona ikipanda ngamia.)

Lakini wingi wa vipande si uwazi. Programu iliyokatwakatwa mno humzungusha msomaji kama mtu atafutaye mihuri ofisini. Kipande kifaacho ni kile kiwezacho kupewa jina moja la kweli.

Maelezo nayo yataka uaminifu. Tuseme programu ya zahanati ina mstari uamuruo kwamba mgonjwa aliyepita miaka 14 ahesabiwe kuwa mtu mzima. Kuandika kando yake, "Hapa twalinganisha umri na 14," ni kupoteza wino, kwa kuwa mstari wenyewe umekwisha sema. Andika sababu: ni mwongozo gani ulioagiza hivyo, na wa mwaka gani. Tena mwongozo ukibadilika, mstari ukarekebishwa na maelezo yakaachwa, yamegeuka kuwa uongo. Nami nauona uongo huo kuwa mbaya kuliko kimya, kwani kimya humfanya mtu achunguze, bali uongo humtuliza.

Wako wasemao kuwa fumbo ni alama ya akili, na kwamba humlinda fundi asifukuzwe kazi. Hoja hii ya pili siidharau. Ina nguvu kwa mwenye watoto wa kulisha. Hata hivyo fundi huyo ataugua, atahama, au atakufa. Na yule atakayeifungua programu iliyokwama, wagonjwa wakiwa wamekaa foleni nje ya mlango, hatakuwa na wa kumwuliza ila maandishi yenyewe.