Ufunguo Mfukoni Mwangu

Je, mtu aliyemhukumu mwenzake kimakosa, lakini kwa nia njema na kwa ushahidi aliouona kwa macho yake mwenyewe, ana hatia? Swali hili nimelibeba kwa zaidi ya miaka 40. Halikunijia kutoka katika kitabu cha falsafa, bali kutoka katika gari lililokataa kuwaka.

Ili msomaji anielewe, sina budi kueleza kwanza habari za injini. Injini ya petroli ya zamani ilihitaji mambo matatu ili iwake: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo, cheche inayoruka kwa wakati wake, na pistoni inayoushindilia mchanganyiko huo vya kutosha ndani ya silinda. Moja likikosekana, injini haiwaki. Fundi mzuri huanza na lililo jepesi. Anapiga stata. Kama stata haizungushi injini, anatazama betri na vichwa vyake, maana mara nyingi ni ukoga mweupe tu uliozuia umeme. Kama injini inazunguka lakini haishiki, anafungua plagi moja, anairudisha kwenye waya wake, anailaza juu ya chuma cha injini na kumwomba mwenzake apige stata tena. Cheche isipoonekana, anageukia platini, kondensa na koili. Cheche ikionekana, anafungua bomba la petroli pale linapoingia kwenye kabureta na kutazama kama petroli inafika. Kila hatua inafunga mlango mmoja na kumwelekeza kwenye mwingine. Fundi wa namna hii hakisii, wala hakasiriki.

Mwaka 1983 nilikuwa na umri wa miaka 36, na ukuu wa chuo cha ualimu ulikuwa bado mpya mabegani mwangu. Wazee wenzangu wanaikumbuka miaka ile. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina ya nchi, fedha za kigeni zilikuwa haba, na petroli ilipatikana kwa mgawo. Mwezi Machi mwaka huo Serikali ilianzisha kampeni kali dhidi ya wahujumu uchumi. Wapo walioistahili kampeni ile. Lakini pia ilituzoesha kumtazama jirani kwa jicho la pembeni, na kuona kila pungufu kuwa ni wizi.

Chuo chetu kilikuwa na pikapu moja ya petroli. Ndiyo iliyoleta unga, maharage na barua, na ndiyo iliyopeleka wagonjwa hospitali. Dereva wake alikuwa mtu mzima kunizidi kwa miaka kama 10, mpole, mwenye maneno machache. Yeye aliniita Mkuu, nami nilimwita Ndugu, kama ilivyokuwa desturi. Siku moja nilipopitia daftari la safari niliona kwamba kwa mwezi ule gari lilikuwa limekunywa lita kama 30 zaidi ya hesabu yangu. Sikumwuliza. Nilimwambia mhasibu, "Kikulacho ki nguoni mwako," naye akatikisa kichwa kukubali. Juma lililofuata nilinunua mjini kifuniko cha tangi chenye kufuli. Ufunguo nikauweka mfukoni mwangu, na tangu siku ile hakuna aliyeweza kulifungua tangi bila mimi kuwapo.

Haukupita muda, gari likaanza kuzima njiani. Lilikuwa likienda kilomita 30 au 40 vizuri, kisha linakohoa, linapoteza nguvu na kuzima. Dereva akisubiri saa nzima au zaidi, linawaka tena kama halikuwa na kitu. Safari ya saa tatu ikawa ya saa sita. Mara moja lilizima karibu na chuo, naye akaja kwa miguu kuniarifu.

"Mkuu, cheche ipo," aliniambia. "Nimefungua bomba kwenye kabureta. Petroli haifiki."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio ya mtu aliyekwisha kata shauri. Nilipanda baiskeli hadi lilipokuwa gari, nikatoa ufunguo, nikafungua tangi na kutumbukiza kijiti cha kupimia. Petroli ilikuwamo zaidi ya nusu. Nikamwamuru apige stata. Injini ikazunguka mara chache na kuwaka.

Nilimtazama, naye akatazama chini. Kisha akasema jambo ambalo kwangu lilikuwa kama kujifunga mwenyewe: "Mkuu, naomba niwe nasafiri na ufunguo." Nilimjibu kwamba sasa nimeelewa kila kitu.

Baada ya hapo mwanachuo mmoja wa kike alishikwa na maumivu makali ya tumbo usiku. Hospitali ilikuwa mbali. Gari lilizima njiani, na binti yule alikaa karibu saa mbili gizani, akilia juu ya magodoro tuliyomtandikia. Alifika, akapasuliwa alfajiri ile na kupona. Daktari alisema kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka. Mimi sikutaka kusikia zaidi. Niliita kamati, nikaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, na kwa kalamu yangu nikaandika pendekezo kwamba dereva yule aachishwe kazi. Kamati ilikaa dakika 20. Alipotakiwa ajitetee alisema tu, "Gari lina ugonjwa, na mimi nimeusema." Aliondoka na familia yake kabla mwezi haujaisha.

Dereva mpya alikuja. Gari likaendelea kuzima.

Miezi miwili baadaye lilituzimikia karibu na mji, nami nikiwa ndani. Tulilisukuma hadi gereji moja ya chini ya mti. Fundi alikuwa mzee. Kabla hajashika spana aliniuliza, "Mwalimu, gari hili mara ya mwisho lilifanyiwa nini?" Nikajibu kwamba halijafanyiwa kitu. Alitazama cheche, ikawapo. Alifungua bomba, petroli haikutoka. Akasema, "Nifungulie tangi." Nilipozungusha ufunguo, sote tulisikia tangi likivuta hewa kwa nguvu. Fundi alikichukua kile kifuniko, akakigeuza, akakipuliza kwa mdomo na kunirudishia.

"Hiki hakipumui," alisema. "Cha zamani kilikuwa na tundu."

Msomaji aliyewahi kufungua kopo la maziwa anaelewa. Ukilitoboa tundu moja dogo, maziwa hutoka kidogo na kukoma. Hutoboa la pili ili hewa iingie kushika nafasi ya maziwa yanayotoka. Tangi nalo ni hivyohivyo. Pampu inavuta petroli, na isipoingia hewa, ndani hubaki ombwe, mpaka pampu inashindwa kuvuta zaidi. Gari likisimama, hewa kidogo hupenya polepole, na injini huwaka tena. Jambo hili nilikuwa nimelifundisha darasani, kwa kopo hasa, nikiwa mwalimu wa sayansi. Lakini wakati ule nilikuwa nikimchunguza mtu, si gari, na elimu yangu niliiacha darasani.

Sasa tazama jinsi ushahidi wangu ulivyojengwa. Nilimshuku dereva, kwa hiyo nikaweka kifuniko. Kifuniko kikalizima gari. Gari kuzima kukathibitisha shaka yangu. Nilipokwenda kumkamata katika uongo, tendo langu la kwanza lilikuwa kufungua tangi, na kwa tendo hilohilo hewa iliingia na ugonjwa ukaondoka kabla sijauona. Niliuponya kwa mkono wangu, kisha nikamwita mwongo aliyesema upo. Na alipouomba ufunguo, yaani dawa yenyewe, ombi lake nililifanya kuwa ushahidi wa kosa. Methali niliyomwambia mhasibu ilikuwa ya kweli kabisa. Kilichotula kilikuwa nguoni, ila nguo ilikuwa yangu.

Ndiyo maana siku hizi nasema kwamba mwenye shaka si mtazamaji aliyesimama pembeni. Anashika mahali, anabadili kitu, anabana hewa. Mwalimu akimdhania mwanafunzi kuwa mjinga, huacha kumwuliza maswali, na mwanafunzi asiyeulizwa huwa mjinga kweli. Mume akimshuku mkewe kuwa ana siri, humhoji kila atokapo, mpaka mke anajifunza kunyamaza, na ukimya ule unaitwa siri. Kila mmoja wao atakwambia, "Nimeona kwa macho yangu." Na hasemi uongo.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema wezi wa petroli wapo, na mkuu anayemwamini kila mtu ataibiwa hata milango. Ni kweli. Sisemi kwamba kuweka kufuli kulikuwa dhambi. Hata zile lita 30, huenda ziliungua milimani na huenda hazikuungua huko. Hilo halikupata kuthibitika. Wengine watasema sheria inatosha kumlinda mtu. Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na ibara ya 13 inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Ni ibara njema. Lakini mimi nilidhani nimekwisha thibitisha. Hukumu nyingi zinazovunja maisha ya watu hazitolewi mahakamani, bali ofisini, jikoni na katika vikao vya dakika 20, na watu wanaojiona wana ushahidi wa kutosha.

Nilichokosa hakikuwa ushahidi. Nilikosa jaribio ambalo lingeweza kunionyesha kwamba nimekosea. Fundi hulaza plagi juu ya chuma akiwa tayari kuona cheche na tayari kutoiona. Mimi nilitumbukiza kijiti nikiwa tayari kwa jibu moja tu: tangi likiwa tupu, dereva ni mwizi, likiwa na petroli, dereva ni mwongo. Kipimo ambacho kila jibu lake linamtia mtu hatiani si kipimo. Ni hukumu iliyovaa nguo za uchunguzi.

Na kuna lile swali la mzee wa gereji. Hakuuliza nani aliharibu. Aliuliza nini kilibadilishwa mara ya mwisho. Nami nilijibu kwamba hakuna, bila nia ya kudanganya, kwa sababu sikulihesabu jambo nililolifanya mimi mwenyewe. Tendo la mkubwa huwa halimo katika orodha ya mambo ya kukaguliwa. Siku hizi magari yana kompyuta, na fundi huchomeka kifaa kinachomsomea namba ya hitilafu. Lakini namba ile humwambia malalamiko yametoka wapi, si nani aliyekosa. Kifaa kinaweza kutaja kihisio kilicho kizima, kumbe bomba lililopasuka mahali pengine ndilo linalokipotosha. Swali la yule mzee bado linahitajika.

Nilikwenda kijijini kwa dereva yule, nikiwa na barua ya kufuta maneno yangu na nakala ya ile niliyoipeleka kwa wakubwa. Nilimkuta akipalilia mahindi. Nilimweleza habari za kifuniko. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mkuu, mimi nilikuwa najua si mimi. Aliyekuwa hajui ni wewe." Mkewe alituletea uji. Jina lake lilisafishwa katika faili, lakini hakurudi chuoni, wala sikuwa na haki ya kumsihi. Miezi mitano ya watoto wake kukaa bila mshahara wa baba haikuweza kusafishwa kwa barua.

Nirudi sasa kwenye swali langu. Nia njema ilinipunguzia adhabu, pengine, mbele ya Mungu na mbele ya mtu yule mpole. Haikuniondolea hatia. Hatia yangu haikuwa kutojua, maana binadamu hawezi kujua yote. Ilikuwa kwamba mtu aliniambia ukweli kwa maneno mawili, "petroli haifiki", nami nilikuwa na njia ya kuujaribu, na sikuujaribu kwa sababu nilikuwa nimekwisha mchoka msemaji. Injini ningeipa nafasi hiyo. Injini haitukaniki, haina watoto, na hata hivyo tunaipima hatua kwa hatua kabla ya kuilaani.

Kile kifuniko fundi alikitoboa tundu dogo, nacho kikatumika mpaka gari lilipouzwa. Ufunguo nilimkabidhi dereva mpya siku ileile. Nilimwambia kwamba hesabu za petroli tutazikagua wote wawili kila Jumamosi, nikiwa nimeketi upande mmoja wa meza pamoja naye. Tulifanya hivyo kwa miaka sita, na kila lilipotokea pungufu, nilianza kwa kujiuliza nilichokifanya mimi.