Mwenzako Amekasirika au Ameogopa?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Darasani tunasoma nguzo za nikaha: walii, mashahidi, ijabu na kabuli. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuzitaja bila kufungua kitabu. Lakini tukiangalia nyumba zinazotetereka huko tutokako, mara nyingi nguzo hizo zote zilitimia siku ya harusi. Kilichokosekana kilikuja baadaye: watu wawili wanalala chumba kimoja na hakuna anayejua mwenzake anaumwa na nini moyoni.

Katika Surat ar-Rum, aya ya 21, Mwenyezi Mungu anaitaja ndoa kuwa ni miongoni mwa ishara Zake, na anataja mambo matatu ndani yake: utulivu, mapenzi na huruma. Soma sasa aya inayofuata, ya 22. Hapo anataja ishara nyingine, nayo ni kuhitilafiana kwa lugha zetu na rangi zetu. Sisi wa Iyolwa, wilayani Tororo, aya hizi mbili tunaziona zikikaa nyumba moja. Mume anaongea Kidhopadhola, mke ametoka kwa Wasamia upande wa Busia, sokoni wote wanatumia Kiswahili, na watoto wanarudi shuleni na Kiingereza. Watu wa namna hii hugombana kwa lugha ambayo pengine mmoja wao hakuzaliwa nayo. Neno la mzaha kwa huyu linamchoma yule. Basi kuelewana kunahitaji kazi, na kazi hiyo ni ibada.

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliifanya kazi hiyo. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba alimwambia Bibi Aisha kuwa anajua wakati yuko radhi naye na wakati amekasirika. Aisha akauliza anajuaje. Akamweleza: akiwa radhi huapa kwa Mola wa Muhammad, na akiwa na hasira huapa kwa Mola wa Ibrahim. Aisha akakubali, akasema kwamba anachokiacha ni jina lake tu. Tazameni mambo mawili hapo. Kwanza, Mtume alikuwa amesikiliza kwa makini hata akajua tofauti ya kiapo kimoja. Pili, hakumkemea kwa kukasirika. Alimwonyesha tu kwamba anamwona.

Tuilete hadithi hii nyumbani. Mnakumbuka Januari 2022. Tarehe 10 ya mwezi ule shule za Uganda zilifunguliwa baada ya kufungwa karibu miaka miwili kwa sababu ya Korona. Mwezi huohuo malori yalikwama Malaba na Busia kwa mvutano wa kupima madereva Korona, foleni ikaenea makumi ya kilomita upande wa Kenya. Hebu fikiria mke aliye Iyolwa na mumewe ni dereva au taniboi kwenye foleni ile. Watoto wanadaiwa karo, na muhogo shambani hautoshi kuuza. Anapiga simu: “Umetusahau?” Mume, ambaye ana siku kadhaa hajaoga na mfuko umekauka, anajibu: “Usinisumbue.” Kisha anazima simu.

Ukimuuliza mke, atasema mume ana kiburi. Ukimuuliza mume, atasema mke ana mdomo. Lakini ndani ya swali la mke mlikuwa na hofu kwamba watoto watafukuzwa shule. Ndani ya jibu la mume mlikuwa na aibu ya mtu asiye na cha kutuma. Hofu na aibu zote mbili zilivaa kanzu ya hasira. Laiti mke angesema, “Naogopa watoto watarudishwa,” na mume angesema, “Naona haya, sina kitu leo,” foleni ingebaki vilevile lakini nyumba ingepona.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mafunzo matatu.

La kwanza, ipe hisia jina lake. Kiswahili kimetupa maneno mengi: hofu, uchungu, wivu, aibu, huzuni, upweke. Tusiyatupe yote kwenye kapu moja la “nimekasirika.” Na ukiona mwenzako amenuna, uliza kabla ya kuhukumu. Kuuliza si ujinga.

La pili, chagua wakati. Mtume alitufundisha kwamba mwenye hasira akiwa amesimama akae, na isipomtoka alale. Jambo linaloweza kusubiri lisubiri wudhu na rakaa mbili. Lakini kusubiri si kununa wiki nzima. Sema wazi: “Sasa nimechemka, tuzungumze baada ya Isha,” halafu baada ya Isha rudi kweli.

La tatu, ndugu na wakwe wapunguze upelelezi. Siku moja Mtume alifika kwa binti yake Fatima, akamkosa Ali. Fatima akaeleza kwamba wamehitilafiana na Ali ametoka. Riwaya haituambii kwamba Mtume alidai kujua nani mwenye kosa. Alimtafuta Ali, akamkuta amelala msikitini, shuka imemwanguka na vumbi limemshika. Akampangusa vumbi kwa mkono wake na kumwita Abu Turab, yaani baba wa vumbi. Ali akalipenda jina hilo maisha yake yote. Mkwe gani kwetu angeanza na kupangusa vumbi? Jambo likizidi, Surat an-Nisaa, aya ya 35, imeweka msuluhishi mmoja kutoka kwa mume na mmoja kutoka kwa mke, wenye nia ya kupatanisha.

Hapa lazima niweke mpaka. Kuelewa hisia za mwenzako si kuvumilia kipigo. Bibi Aisha ameshuhudia kwamba Mtume hakumpiga mwanamke wala mtumishi. Anayempiga mkewe halafu akasema “nilikuwa na hasira” hana hoja kwa sunna, na Uganda ina Sheria dhidi ya Ukatili wa Majumbani tangu 2010. Dada anayepigwa asiambiwe subira peke yake. Apelekwe mahali salama, na mambo yafike kwa kadhi na kwa polisi.

Wengi wetu bado hatujaoa wala kuolewa. Tusingoje siku ya harusi ndipo tujifunze. Anza na mwenzako wa chumba hosteli, na mama anayekupigia simu kila Ijumaa. Ukiweza kumuuliza mama, “Umechoka au una huzuni?” na kungoja jibu lake, umeanza kujiandaa kuwa mume au mke.

Ewe Mola, tujaalie nyumba zenye utulivu, mapenzi na huruma. Zilainishe ndimi zetu kwa walio karibu nasi kuliko tunavyozilainisha kwa wageni. Waunganishe waliohitilafiana na uwalinde wanaodhulumiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.