Darsa ya Ramadhani, Siku ya 18: Anayeanza kwa Kasi



Juzi baada ya tarawehe kijana wetu mmoja alinivuta pembeni. "Shehe, nimepata elfu arobaini, nataka nichangie futari ya msikiti." Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema mkeka umetiki. Alibeti mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani: timu ipi itaanza kwa kasi, itangulie kufikisha pointi kumi. Mechi hizo zikichezwa jioni kwao, hapa Ngerengere ni saa nane hadi saa kumi usiku. Yaani wakati wa daku.

Sikumfokea, maana alijitetea kwa hoja. "Shehe, mimi sibahatishi, naangalia takwimu. Sijamwibia mtu. Na serikali imeruhusu."

Tuzitazame. Ruhusa ipo kweli, kuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Lakini leseni inakuepusha na polisi tu. Surat al-Maida, aya ya 90 na 91, imeiweka kamari pamoja na ulevi, na sababu imetajwa: inaleta uadui baina yetu na inatuzuia na swala. Sasa jiulize, saa tisa ile ulikuwa umeshika simu au umeinua mikono?

Takwimu nazo. Mkulima wa Uluguru anatazama mawingu kabla ya kupanda. Akikosea, mbegu zimepotea. Akipatia, watu wanakula. Wewe ukipatia, hakuna hata punje moja iliyoongezeka duniani. Pesa imehama tu.

Imehama kutoka kwa nani? Kampuni haichapi noti. Pengine ni ya bodaboda wa Mikese aliyerudi nyumbani bila unga. Utasema aliridhia mwenyewe. Ndiyo, aliridhia akitumaini kuichukua ya kwako.

Mchezo wenyewe hauna kosa. Hasheem Thabeet wetu alicheza Chuo Kikuu cha Connecticut, akaingia NBA mwaka 2009, kwa jasho lake. Na Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha.

Basi ile elfu arobaini sikuipokea. Nilimwambia ampe muhitaji kwa nia ya kujivua nayo, asitarajie thawabu ya sadaka. Ndivyo wanavyosema wanazuoni wengi kuhusu mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani. Akanyamaza, kisha akasema: "Nina deni, Shehe." Kumbe hapo ndipo penye kidonda. Tulikaa tukalizungumza deni. Wewe mwenye uwezo, kabla hujamlaumu kijana wa jirani, muulize anadaiwa kiasi gani.

Nalo hili la kuanza kwa kasi linatuhusu sote. Usiku wa kwanza wa tarawehe safu zilifika barazani. Jana zilikuwa tatu. Tumeanza kwa kasi, tumechoka njiani, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba matendo huhesabiwa kwa mwisho wake. Keshokutwa usiku tunaingia kumi la mwisho, inshaallah. Aliyechelewa kuanza bado hajachelewa.

Leo saa nane ukiamka, zima simu, tandika mkeka ule mwingine, wa kuswalia. Huo hauchaniki.

Allah atupe riziki ya halali na mwisho mwema. Aamin.